Mwezi Niliomchagulia Akinyi

Munyaka, Eldoret.
Mwezi wa saba, baridi kali.

Ndugu yangu Ochieng,

Mmeamkaje hapo nyumbani? Macho yako yamepata nafuu na yale matone, au bado unafukuza ng'ombe wa jirani ukidhani ni wako? Nasikia mvua iliwapita kando na mtama ndio uliowaokoa. Huku mahindi ya kule Soy yamempita mtu kimo, na ukungu hukaa juu ya mapaa hadi asubuhi inakaribia kwisha. Nimevaa sweta mbili ninapoandika haya, na blanketi magotini, na bado mkono unatetemeka. Ukisikia msomaji wako anakwama, usimlaumu yeye. Laumu mwandiko.

Naandika kwa Kiswahili kwa ajili yake. Najua atakayekusomea ni shemeji Nekesa, na Kijaluo chake, baada ya miaka yote hii hapo nyumbani, bado ni cha kusalimia watu na kununua samaki. Shemeji, pokea salamu zangu za heshima. Nakuomba usome yote kama yalivyo, hata pale utakapoona ni heri uruke. Mume wako akikukatiza, mwambie angoje umalize. Ndiyo sababu sikupiga simu. Kwa simu yeye hupaza sauti, nami pumzi ya kushindana naye sina tena.

Kuhusu afya yangu sitakupamba maneno. Miguu imevimba, viatu nimeviweka kando. Nalala nimeketi, kwa sababu nikilala chali ni kama mtu amenikalia kifuani. Daktari ni kijana mpole sana. Mara ya mwisho alisoma karatasi zake, akaziweka chini, akaniuliza kama watoto wangu wote wako karibu. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, Ochieng. Mtu akiuliza swali la namna hiyo, jibu analo tayari.

Naogopa. Nilidhani mtu akizeeka hofu humtoka, kama vile nywele. Haitoki. Lakini hofu iliyonifanya nichukue kalamu si ya kaburi langu. Ni ya Akinyi.

Unakumbuka nilipokupigia mwezi wa nne nikakwambia nimemchagulia mwezi wa kumi na moja kwenda baharini, na kwa nini. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ulisema, "Wewe mwalimu ni hatari. Hapo umemaliza maneno bila kugombana na mtu." Basi nakwambia mapema, ili usikilize mengine ukijua: nimeyafumua yale tuliyofunga. Akinyi anaondoka mwezi ujao, mwezi wa nane, wakati bahari imechafuka. Nimemruhusu mimi mwenyewe. Sasa ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Akinyi unamjua kama mtoto tu, kwa hiyo shemeji naye apate kumwona alivyo sasa. Ni binti wa kitindamimba wangu Owuor, yule dereva wa malori. Amekaa nami tangu apate kazi ya kupima maziwa kwenye kiwanda kidogo kule Moiben. Ndiye anayenipikia, ananipimia dawa, na kunigombeza nikitia chumvi kwa siri. Ananiita Kwara, kama sisi tulivyomwita babu yetu. Jumapili moja baada ya kanisa alinisukumia simu yake usoni.

"Kwara, hebu ona huyu."

Kwenye simu kulikuwa na msichana mweusi kama sisi, amesimama juu ya ubao, na nyuma yake wimbi limejikunja kama mkeka.

"Anaanguka sasa hivi," nilisema.

"Haanguki. Ngoja."

Hakuanguka. Wimbi lilimbeba mpaka mchangani, akashuka kama mtu anayeshuka kwenye baiskeli.

"Hii ni Kenya hii hii, Kwara. Si Amerika. Maji ni moto, ubao unakodisha, na room kule ni rahisi kuliko hapa Eldoret. Mimi na Jebet tunataka kwenda."

Jebet ni msichana wa jirani. Alikuwa mkimbiaji mpaka goti likamharibikia, na sasa anauza raba za mitumba mjini. Alikuwa amesimama mlangoni akila andazi.

"Mzee," alisema, "mimi nimekimbia tangu nikiwa mdogo na sijafika popote. Wacha sasa nisimame pahali pamoja nipelekwe."

Nilicheka, nikamrudishia Akinyi simu yake haraka.

Tangu siku hiyo walikuja kuketi nami jioni kabla ya chakula, tukapanga safari. Nilitoa ile atlasi yangu ya shule, ambayo jalada lake limeshikwa na gundi tu. Zanzibar tuliiacha kwa sababu Jebet hana pasipoti. Diani tukaiacha kwa sababu ya bei za hoteli. Mimi ndiye niliyewaonyesha ghuba moja kaskazini, mahali mto mkubwa unapomwaga maji yake. Niliwaeleza kwamba pwani yetu karibu yote ina mwamba wa matumbawe mbele yake, na mawimbi huvunjika huko mbali, lakini matumbawe hayaoti penye maji ya mto na matope, kwa hiyo pale ukuta una pengo na wimbi huingia zima hadi kwenye mchanga. Akinyi aliandika kila neno. Nilijisikia kama mwalimu tena. Ndiyo shida yangu, ndugu yangu. Hata katika hofu nilipenda kuulizwa.

Tulijadili kila kitu. Basi mpaka Nairobi, kisha treni, kisha gari dogo. Chumba chenye jiko lake ili wasile hotelini. Jebet alitaka kubeba unga kutoka hapa.

"Coast kuna unga," Akinyi akamwambia.

"Unga uko, lakini nani amesonga? Ugali wa watu wa nazi siuamini."

Halafu Akinyi aliniuliza mwezi. "Wewe ndiwe unajua upepo, Kwara. Taja tu mwezi, sisi tutaomba likizo."

Nilijua jibu. Kila mwanafunzi niliyemfundisha pepo za bahari alilijua. Upepo wa kusi ndio unaosukuma mawimbi kuingia katika ghuba ile, na nguvu zake huwa katikati ya mwaka. Kusi ikiisha na kaskazi haijaanza, bahari hulala. Nilimtazama mtoto yule ameshika kalamu, nikasema, "Mwezi wa kumi na moja."

"Kwa nini?"

"Maji ni ya joto zaidi. Wageni hawajajaa. Vyumba ni vya bei nafuu kabla ya Krismasi."

Yote hayo ni kweli, Ochieng. Hakuna neno hata moja la uongo ndani yake. Ila mawimbi hayatakuwapo. Akaandika. Kesho yake akaomba likizo, nami nikakupigia simu, tukacheka.

Wiki zikapita nikiwa na furaha ya mwizi ambaye hajakamatwa. Kisha daktari akaniuliza lile swali lake. Njiani kurudi nyumbani nilianza kuufikiria mwezi wa kumi na moja kwa namna nyingine. Niliona nitakuwa nimeshalala katika udongo wako hapo nyumbani, na Akinyi amesimama ufukweni na ubao wa kukodi, mbele yake maji yametulia kama ya kwenye beseni. Mwenyeji atamuuliza, nani alikuambia uje mwezi huu? Atajibu, babu yangu, mwalimu wa jiografia. Na yule mtu atamtazama. Hapo ndipo atakapojua, na mimi sitakuwapo hata nikasirikiwe.

Hata hivyo sikusema. Nilikuwa naogopa wimbi kuliko aibu.

Kilichonifungua mdomo ni bwawa. Akinyi alijifunza kuogelea katika bwawa la hoteli moja hapa mjini, pale ambapo hata mtu asiye mgeni akilipa kidogo anaruhusiwa kuingia. Sikuwa nimewahi kwenda. Jumamosi iliyopita walinibeba kwa teksi ili nikaone mazoezi yao. Waliniketisha chini ya mwavuli na soda ambayo siruhusiwi kunywa. Jebet alikuwa upande wa kina kifupi, ameshikilia ukingo, anapiga miguu na kulaani goti lake. Akinyi akaenda kule kwenye maji marefu. Akanipungia mkono. Akazama.

Nilingoja aibuke. Maji yalijifunga juu yake yakawa laini. Mhudumu alipita na sinia. Mtoto fulani alicheka mahali. Hakuibuka. Sikumbuki kusimama, Ochieng. Mimi ambaye siwezi kwenda msalani bila mkongojo, nilijikuta kwenye ngazi za bwawa, maji yamenifika magotini, nimevaa soksi, napiga ukelele, "Odera! Odera!"

Akinyi akaibuka mbele yangu, anahema.

"Kwara! Niko hapa! Ni mazoezi tu ya pumzi. Wimbi likikufunika lazima ujue kukaa chini kidogo. Kwara, niangalie, niko hapa."

Walinitoa. Walinifunga taulo miguuni. Watu walikuwa wanatutazama, na mhudumu alileta maji ya kunywa kana kwamba ndiyo niliyoyapungukiwa. Akinyi alipiga magoti mbele yangu akinisugua vidole.

"Odera ni nani?" aliuliza.

Waona, hata jina lake hatukuwaachia watoto. Basi niliwaeleza pale pale, kwenye kiti cha plastiki, na sasa nakueleza wewe, kwa kuwa wewe pia huijui habari hii. Ulikuwa mgongoni mwa mama.

Unalijua lile kaburi dogo karibu na boma la ng'ombe. Unajua kwamba ndani yake hakuna mtu. Mliambiwa kwamba kaka yenu Odera alizama, ziwa likakataa kumrudisha, na wazee wakazika tunda la yago mahali pake, lile refu linaloning'inia mtini kama soseji, ili apate pa kulala nyumbani. Hayo ni kweli. Mimi ndiye niliyelibeba tunda hilo, limefungwa shuka, na lilikuwa zito kama mtoto mchanga. Mliambiwa pia kwamba alizama akifuata wavu wa baba uliochukuliwa na maji. Hayo si kweli. Niliyasema mimi.

Wavu ulikuwa mahali pake siku ile. Tulikuwa na ubao. Tuliung'oa kwenye sakafu ya mtumbwi mkuukuu uliokuwa umelala ufukweni, na Odera akaichonga ncha kwa panga. Hakuna aliyemfundisha. Aliona jinsi kipande cha mti kinavyosukumwa na maji jioni, upepo wa ziwa ukianza, akasema na mtu anaweza kusukumwa vilevile. Tulikwenda ng'ambo ya mawe, mahali ambapo wanawake hawafulii, ili tusionekane. Mimi nilikuwa mkubwa kwake. Kazi yangu ilikuwa kushika shati lake. Alipanda wimbi moja akiwa amelala kifudifudi, akarudi akiwa amejaa mchanga mdomoni, anacheka. Akapanda la pili. Akasimama. Ochieng, alisimama juu ya maji. Kisha upepo ukaongezeka, akaenda mbali zaidi kutafuta wimbi kubwa, na ubao ukarudi peke yake.

Niliuficha kwenye mafunjo, nikakimbia nyumbani nikasema wavu. Nilisema wavu kwa sababu asubuhi ile baba alikuwa amemkaripia Odera kwamba hakuufunga vizuri, na mimi niliogopa fimbo. Baba aliniamini papo hapo. Hakuuliza hata swali moja. Akauza mtumbwi wake mzima, akaanza kulima ule udongo mbaya, na wewe umekua ukimjua kama mtu asiyesema mezani. Aliishi akiamini kwamba maneno yake ndiyo yaliyomtuma mtoto majini. Nilimwona akiamini hivyo kila likizo niliyokuja nyumbani. Kila likizo nilijiambia, safari ijayo.

Na wale watoto wetu, wako na wangu, wamezaliwa mahali ambapo ukirusha jiwe linaanguka ziwani, na hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Mimi ndiye niliyerudi kutoka chuo cha ualimu na somo la kichocho. Niliwachorea konokono ubaoni, wakaogopa. Wewe ukawaongezea hadithi za viboko wa ziwani. Konokono wapo, kichocho kipo, ni kweli. Naona nimekuwa na kipaji hiki tangu zamani, cha kuchagua kweli inayofaa na kuifungia ile nyingine nje.

Nilipomaliza habari ya Odera, nikaona nimefika mahali ambapo siwezi kusimama. Nikawaambia na habari ya mwezi wa kumi na moja.

Jebet ndiye aliyesema kwanza. "Mzee. Yaani ulitucheza? Wewe, na sweta yako hiyo?"

Akinyi hakucheka. "Kwa hivyo tungeenda tukae kwa mchanga, tuangalie maji."

"Ndiyo."

"Na wewe ungekuwa wapi?"

Niliitazama miguu yangu ndani ya taulo. Alinitazama mpaka akaelewa, akasimama, akaenda kubadilisha nguo.

Siku zilizofuata alinipa chakula na dawa bila neno. Sauti pekee iliyokuwa nyumbani ni ya redio. Nilitamani anitukane. Jebet alipita asubuhi moja akanong'ona kupitia dirishani, "Mzee, vumilia. Hata mimi ananinunia, na mimi nilikuwa nadanganywa pamoja naye."

Kisha jana asubuhi Akinyi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya jikoni anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Alikuwa amesimama ama amelala?"

"Nani?"

"Odera. Kwa ubao."

"Kwanza alilala. Baadaye akasimama."

"Mguu gani mbele?"

Ndugu yangu, katika miaka yote hii nimeyaona maji yale kila siku, na ubao ule unaorudi, lakini sikuwa nimewahi kumtazama tena akiwa juu. Nilifumba macho nikamtafuta. Alikuwapo. Mbavu zake, kaptura ile ya kaki, mikono ameitandaza.

"Wa kulia," nilisema.

"Jebet pia ni wa kulia." Akatupa kijiwe nje. "Mbaya kwake, goti ni hilo hilo. Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anapiga kelele. Alikuwa ananiita nione."

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema amebadilisha likizo. Wanaondoka mwezi ujao. Mkubwa wake wa kazi amekubali. Nakuungamia na hili: nilikuwa nimeomba akatae. Nilikuwa nimeomba kwa Mungu, kwa maneno wazi.

Tumerudi kwenye atlasi. Safari hii nimesema yote. Nimemwambia mahali mkondo unapotoka kurudi baharini, jinsi unavyoonekana kama njia tulivu katikati ya mawimbi, na kwamba utulivu ule ndio hatari. Nimemwambia ukishikwa usishindane nao, ogelea kando. Nimemwambia asiende karibu na mdomo wa mto mvua ikinyesha huku juu. Asiingie bila mwenyeji anayeifahamu ghuba. Jebet asiingie zaidi ya kiuno mpaka ajue kuogelea.

"Kiuno changu ama chako, Mzee?" Jebet akauliza. "Maana wewe ni mrefu."

Nilitaka kucheka. Nilikuwa natazama mikono ya Akinyi juu ya ukurasa ule wa buluu, na nilihisi kile kitu kimenikalia kifuani hata nikiwa nimeketi.

Nikamuuliza, "Na mimi nitafanya nini hapa, nikikungoja?"

Alifikiri. "Nitakupigia simu kila asubuhi kabla sijaingia. Utaniambia ingia. Usiposema, siingii. Nitakaa kwa mchanga na Jebet."

"Unaniachia mimi?"

"Nakuachia wewe. Lakini usinidanganye tena kuhusu upepo, Kwara."

Ochieng, sijawahi kupewa kitu kizito hivi. Wakati nilipomdanganya, hofu ilikuwa imepata pa kujificha. Sasa haina. Neno moja langu linaweza kumweka mchangani salama, na yeye hatanilaumu, na atarudi Moiben kupima maziwa mpaka azeeke. Au neno lile lingine. Nalijaribu nikiwa peke yangu chumbani. Ni neno dogo, nimewaambia wanafunzi mlangoni maisha yangu yote. Nalianza tu, kisha naongeza sauti ya redio.

Najua utakasirika. Una haki, na zaidi kwa ajili ya baba kuliko kwa ajili ya Akinyi. Nikasirikie mimi. Piga simu upaze sauti, nitaiweka mbali na sikio, lakini nitasikiliza. Ninachokuomba ni usimpigie yeye kumwambia habari za maji kuuchukia ukoo wetu. Nimekutafutia ushahidi wa hilo tangu ujana wangu na sijaupata. Kulikuwa na watoto wawili na ubao na upepo uliozidi, basi. Na ukiweza, watoto wa hapo nyumbani waambie jina lake, na waambie alichokuwa akifanya.

Nisalimie Mama Atieno, mjane wa binamu yetu, anayenitumia dagaa, na umwambie sasa nimekatazwa kwa sababu ya chumvi lakini bado nawanusa. Nisalimie mwanao mkubwa, yule fundi wa mabati, na umwambie nyumba yangu hapo aangalie upande unaovuja, kwa maana nitakuja kulala humo kabla ya kuzikwa na nisingependa kuloweshwa. Mlezi wa kanisa namsalimu pia, anikumbuke anapoombea wagonjwa. Shemeji Nekesa, asante kwa kufika mpaka hapa. Mpe maji huyo, halafu msomee haya ya mwisho polepole.

Ochieng, mwezi wa nane si mbali, lakini kwa pumzi hii sijui. Nimempa Akinyi namba yako. Nikiwa nimeondoka kabla hajafika baharini, nimemwapisha asikatize safari kwa ajili ya matanga yangu mpaka mtakapopanga siku ya mazishi, na asubuhi ile ya kwanza atakupigia wewe. Atakuwa amesimama kwenye maji ya kifundo, utasikia upepo kwenye simu, utadhani ni mtu anapasua nguo. Hatasema mengi. Atangoja. Muulize kama yule mwenyeji yuko karibu naye. Muulize kama amekula. Halafu, ndugu yangu, ushike kiti chako, umwambie aingie.

Ni mimi kaka yako mkubwa, ninayekuogopea na kukupenda,

Okumu